Huduma zipo, mwanafunzi haambiwi: mwaka wa kwanza wa binti yetu katika chuo kikuu cha umma Nairobi

Binti ya kaka yangu alifika Nairobi mwishoni mwa Agosti 2024 kwa treni inayopitia Voi, mji wa nyumbani kwao Taita, akiwa na sanduku la bati, bahasha ya kaki iliyojaa vyeti, na barua ya kuitwa chuoni aliyoikunja na kuikunjua mara nyingi hata mikunjo ikaanza kuchanika. Mimi ndiye shangazi aliye karibu, naishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, na kaka yangu alinikabidhi jukumu la kumpeleka kujisajili na kumtazama hadi azoee. Kwa sababu hiyo nimepita naye karibu kila ofisi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitia. Sasa mwaka umekwisha, na naona ni haki kuandika tathmini ya huduma tulizopata, kwani wazazi wengi hulinganisha vyuo kwa majina na kwa kozi, ilhali mtoto akiwa pale hukaa au huondoka kwa sababu ya dirisha la usajili, bweni, zahanati na chumba cha mshauri nasaha. Jina la chuo nimelihifadhi, maana binti bado anasoma pale. Itoshe kusema ni chuo kikuu cha umma, kiko ndani ya Nairobi, na kina maelfu ya wanafunzi.

Nianze na lile lisilo la chuo, ili sifa na lawama zisichanganyike. Nafasi ya kusoma hupangwa na KUCCPS, taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikachukua kazi iliyokuwa ya JAB, ile bodi ya zamani ya udahili. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, aliyepata gredi ya C+ au zaidi huchagua kozi za shahada katika tovuti yao, na akishapangiwa, chuo humwandikia barua. Binti yetu alipata kozi aliyoiweka ya pili, shahada ya takwimu, na tangu siku ya kuchagua hadi siku ya kupakua barua hatukulazimika kumtafuta mtu yeyote. Alifanya kila kitu katika saiba moja, yaani duka la intaneti, pale Voi, na mwenye saiba akamtoza hela za kuchapisha kurasa peke yake.

Fedha ndizo zilizotukosesha usingizi. Darasa lake liliingia chini ya mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, ambao uliondoa ile karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka iliyozoeleka kwa wanafunzi waliodhaminiwa na serikali, na badala yake ukagawa gharama kamili ya kozi kwa sehemu tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa familia. Familia ziliwekwa katika makundi matano, ambayo kila mtu huyaita bendi. Mwaka huo wa 2024, katika bendi ya kwanza serikali ilifadhili asilimia 70, mkopo ulikuwa asilimia 25 na familia ililipa 5, ilhali katika bendi ya tano ufadhili ulikuwa 30, mkopo 30 na familia ilitafuta 40. Binti yetu aliwekwa bendi ya tatu, yaani ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. Mzazi asiyeelewa asilimia hizi aangalie hivi: kama kozi ilikuwa ya shilingi 200,000 kwa mwaka, bendi ya tatu ilimdai 40,000, na mwenzake wa bendi ya kwanza alidaiwa 10,000. Kaka yangu huuza vitunguu na nyanya sokoni, na mapato yake hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo tofauti ya bendi moja kwake ni tofauti ya kulipa au kushindwa.

Nafasi ya kukata rufaa dhidi ya bendi ilikuwepo. Chuoni lilikuwepo hata dawati la kuwasaidia wanafunzi kujaza rufaa hiyo, na karani mmoja mpole alikaa pale kila siku ya kazi. Dawati lenyewe lilikuwa nyuma ya jengo la idara ya fedha, katika chumba kisicho na kibao. Siku ya kuripoti tulipita mbele ya jengo hilo mara tatu bila kujua. Binti yetu aliambiwa habari za dawati na mwenzake waliyekuwa wakikaa pamoja kwenye mhadhara, wakati majuma yalikuwa yameshapita, naye akajaza fomu kwa haraka bila barua ya chifu ambayo ingeweza kuipa nguvu. Rufaa haikufaulu. Siwezi kusema barua ya chifu ingebadilisha matokeo, lakini nasema kwa uhakika kwamba kibao kimoja cha mbao na rangi kingempa majuma ya kujiandaa, na hilo ndilo lalamiko langu kuu kwa chuo hiki, tangu mwanzo hadi mwisho wa mwaka: huduma zimejengwa, watu wamewekwa, mishahara inalipwa, kisha mwanafunzi anaachwa azigundue mwenyewe.

Siku ya kuripoti yenyewe ilipangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, tukakuta mahema yaliyopangwa kwa vitivo, na wanafunzi wa mwaka wa tatu waliovaa fulana za kijani wakiwapokea wageni langoni na kuwabebea mizigo. Mmoja wao aliichukua bahasha ya binti yetu, akazipanga karatasi zake kwa utaratibu ambao madirisha yangeziomba: barua ya kuitwa, matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, na picha ndogo nne. Alitushauri tukatoe nakala mbili zaidi za kila karatasi kabla ya kuingia kwenye foleni, kwani ndani ya lango nakala huuzwa mara tatu ya bei ya nje. Ushauri huo ulituokoa. Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumemaliza madirisha yote, na kila aliyetuhudumia alitutazama usoni na kutujibu kwa heshima. Kwa siku hiyo pekee ningekipa chuo alama zote.

Kosa lililotutesa lilizaliwa siku hiyo hiyo, bila mtu kuliona. Majina mengi ya kwetu Taita huanza kwa Mw, na karani aliyekuwa akiingiza majina kwenye kompyuta aliiacha ile w ya jina la babake. Tuliligundua baada ya majuma mawili, kadi ya mwanafunzi ilipotoka. Binti alinionyesha kadi hiyo jioni, tumeketi jikoni, akiwa ameweka kitambulisho chake cha taifa kando yake juu ya meza: picha ni ile ile, tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, jina ni la mtu mwingine. Nilimwambia ni jambo la dakika tano. Lilichukua siku thelathini na nane.

Naomba nieleze kwa nini herufi moja ilikuwa na uzito huo, maana mzazi mwingine anaweza kuipuuza. Mkopo wa HELB una sehemu mbili: fedha za karo huenda chuoni moja kwa moja, na fedha za kujikimu huingia kwa mwanafunzi mwenyewe. Kama tulivyoelezwa baadaye, chuo huthibitisha kwanza kwamba mwanafunzi ameripoti na amejisajili, na jina lililoko kwenye orodha ya chuo lisipolingana na lililoko kwenye kitambulisho, uthibitisho wake hukwama. Kwa hiyo wenzake walipoanza kuambizana kwamba hela zimeingia, yeye alikuwa hana kitu, na akaunti yake ya karo ilisoma deni kamili kana kwamba hajawahi kufadhiliwa.

Alikwenda ofisi ya udahili, akaambiwa majina hurekebishwa na TEHAMA, idara ya kompyuta. TEHAMA wakamwambia hawawezi kugusa jina bila barua ya msajili. Ofisi ya msajili ikamtaka aandike barua ya maombi na kuambatisha nakala za vyeti, akafanya hivyo, na barua ikapokelewa na kugongwa muhuri. Baada ya siku kumi alirudi, akaambiwa faili iko kwa kitivo. Kitivo hawakuiona. Hakuna aliyemfokea wala kumdai chochote, na hilo nalitaja kwa sababu ni la kweli na ni la heshima, lakini kila ofisi ilimaliza sehemu yake kwa kumwelekeza kwenye mlango mwingine, na hakuna iliyokubali kwamba mwanafunzi huyu na tatizo lake ni wake hadi liishe. Nilikwenda naye mara ya tano, nikiwa nimeomba ruhusa kazini. Tulikaa kwenye benchi la mbao katika ukumbi wa ghorofa ya pili tangu saa tatu, pamoja na wanafunzi kumi na wawili hivi, kila mmoja ameshika karatasi yenye muhuri, na nilipowauliza wawili walioketi karibu nami, mmoja alikuwa na tatizo la jina na mwingine tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa imeingizwa vibaya.

Aliyetutoa pale ni mama mmoja wa makamo, karani wa dirisha la mwisho, ambaye si kazi yake kurekebisha majina. Alisikiliza, akavifananisha vitambulisho viwili kwa kidole, herufi baada ya herufi, kisha akafunga dirisha lake, akamwambia binti, “Twende mwanangu, nikupeleke mwenyewe.” Alituongoza hadi kwenye rafu ya faili za kitivo, akaipata barua chini ya rundo, akaipeleka kwa mkono wake hadi TEHAMA, akasimama nyuma ya kijana wa kompyuta hadi ile w ilipoonekana kwenye skrini. Tangu alipofunga dirisha hadi alipolifungua tena zilipita dakika ishirini na tano. Nimemwandikia mkuu wa chuo barua ya kumshukuru mama huyo kwa jina, na ndani ya barua hiyo hiyo nimependekeza kuwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuifuata faili ya mwanafunzi kutoka mlango hadi mlango. Sijajibiwa bado, lakini barua ilipokelewa.

Kuhusu bweni sina mengi. Vyumba hutolewa kwa kujisajili kwenye tovuti ya wanafunzi, tovuti ilifunguliwa usiku, na kufikia alfajiri vilikuwa vimekwisha. Chuo hakikuahidi nafasi kwa kila mtu, na barua ya kuitwa ilisema hivyo waziwazi, kwa hiyo siwezi kulalamika kwa haki. Mzazi ajiandae mapema kwa kodi ya nje: wanaosoma karibu na katikati ya jiji hutafuta Ngara na Parklands, wa upande wa Barabara ya Thika hukimbilia Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, na wengi wa upande wa Barabara ya Magadi huvumilia msongamano wa Rongai kwa ajili ya nyumba nafuu. Binti yetu alibaki kwangu Umoja, akipanda matatu kabla ya jua kuchomoza, na godoro tulilomnunulia kwa ajili ya bweni likakaa nyuma ya kochi sebuleni mwaka mzima.

Muhula wa kwanza ulikatizwa na mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 2024, wakidai utekelezaji wa mkataba wao wa malipo wa 2021 hadi 2025, ukasitishwa kisha ukaanza tena mwishoni mwa Oktoba. Madai ya wahadhiri nayaheshimu, kwani mtu akifanya kazi alipwe. Nilichotarajia kwa chuo ni taarifa. Mtoto aliyetoka Voi, Lodwar au Kwale hawezi kwenda nyumbani na kurudi kila anaposikia uvumi, na nauli si kitu cha kubahatisha. Tulipata taarifa rasmi moja katika tovuti, yenye sentensi tatu, na mengine yote yakaja kupitia makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, ambako siku moja masomo yalirejea mara mbili na kuahirishwa mara mbili kabla ya saa sita mchana. Nyumba aliyokuwa amepanga mwenzake ilimgharimu kodi ya mwezi mzima bila kuhudhuria mhadhara hata mmoja. Ujumbe mfupi wa simu kila Jumatatu, hata wa kusema hakuna jipya, ungetosha. Nambari za wanafunzi wote chuo kinazo, maana ndizo zinazotumika kuwakumbusha karo.

Desemba 20, 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba ule mfumo wa ufadhili unakiuka Katiba, na baadaye Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Nyumbani kwetu habari hizo zilileta matumaini kisha wasiwasi, na nilimpigia kaka yangu simu mara kadhaa kumwambia asiache kukusanya ile asilimia 20. Hapa idara ya fedha ya chuo ilifanya jambo jema, nami nalisema kwa furaha: ilibandika tangazo kwenye milango yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba hakuna mwanafunzi atakayezuiwa kufanya mtihani kabla ya kupewa nafasi ya kuandika mpango wa kulipa kidogo kidogo. Tuliandika mpango wetu kwa awamu nne, ukakubaliwa siku hiyo hiyo, na tumeutimiza.

Zahanati ya chuo ni safi, ina muuguzi saa zote, na dawa za kawaida hutolewa bila malipo kwa mwenye kadi ya mwanafunzi. Maktaba nayo haina kasoro ninayoijua. Binti husema ndiko mahali pekee ambako hakuna aliyewahi kumwambia arudi kesho.

Nimeacha huduma ya ushauri nasaha mwishoni kwa sababu ndiyo iliyonigusa zaidi. Mnamo Februari niliona kwamba binti amenyamaza. Alikuwa mtoto wa kuimba akiosha vyombo, na sasa alikuwa akila vijiko vitatu, kisha analala saa mbili usiku na kuamka bila kupumzika. Jaribio la kwanza la hesabu za uwezekano alikuwa amepata alama ambazo hakuwahi kuzipata tangu darasa la kwanza, na hakumwambia mtu, kwa kuwa kule Voi yeye ndiye aliyeingia chuo kikuu, na jina lake lilitajwa kanisani. Nilidhani ni uchovu wa matatu. Aliyemsaidia ni karatasi, kipande cha karatasi kilichobandikwa nyuma ya mlango wa choo cha wanawake, kilichosema kwamba kuna washauri nasaha katika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, kwamba hakuna malipo, na kwamba wanayoambiwa hawayapeleki kwa wazazi wala kwa wahadhiri. Alikisoma mara kadhaa kwa majuma kadhaa, alivyoniambia baadaye, kabla ya kupata ujasiri wa kwenda.

Alipokewa siku hiyo hiyo, bila miadi. Mshauri alimsikiliza kwa saa nzima, akampangia kuja kila Alhamisi, na katika juma la tatu akamuunganisha na wanafunzi wa mwaka wa nne wanaofundisha wenzao hesabu jioni, mpango ambao chuo kimekuwa nao muda wote huo, na ambao mhadhiri wa somo lenyewe hakuwa ameutaja darasani. Yote haya niliyajua mwezi wa Aprili, binti alipoamua kunieleza kwa hiari yake, na nashukuru kwamba mshauri alitunza siri hata kwangu niliyempeleka chuoni. Nimeona hospitali za kulipia ambazo hazina utulivu na adabu ya chumba kile. Mtihani wa mwisho wa somo lile alipita.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ningempeleka mtoto mwingine katika chuo hiki, jibu langu ni ndiyo, na nasema hivyo nikikumbuka siku zote thelathini na nane. Watu wake ni wema kuliko taratibu zake. Siku ya kuripoti ni bora, zahanati na maktaba ni nzuri, ushauri nasaha ni wa kiwango cha juu kabisa, mawasiliano wakati wa matatizo ni duni, na urekebishaji wa kumbukumbu za mwanafunzi ni mbovu kiasi cha kuhatarisha masomo ya mtoto asiye na shangazi wa kuomba ruhusa kazini.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ana kijana anayeripoti pale mwaka huu. Nimemwambia asome jina lake kwenye skrini ya karani kabla ya kuondoka dirishani, herufi kwa herufi, na aombe skrini igeuzwe kama haioni. Nimemchorea kwenye karatasi lilipo lile dawati la nyuma ya idara ya fedha, na mlango wa Mkuu wa Wanafunzi, na ghorofa ambako wa mwaka wa nne hufundishia hesabu jioni. Binti yetu ameipitia ramani hiyo na kuisahihisha mahali pawili, maana mwezi uliopita dawati lile lilihamishwa tena, na kibao bado hakijawekwa.